MAKALA YA MAWE: NAMNA YANAVYOTOLEWA CHINI YA UDONGO NA KUSAFISHWA



Safari hii tunajibu swali lililotoka katika somo la jografia. Lilisemwa hivi hivi: "Mwalimu, sasa hii makala ya mawe, ni banani banaichomaka kule chini?" Darasa lote lilicheka. Lakini tulipowauliza waliocheka wajibu wao, kila mmoja akatazama daftari lake. Ndiyo sababu tumeona vizuri kuandika jambo hili kwa urefu.

Kwanza tutengeneze neno. Sisi huku Uvira tunasema makala, tukifikiri yale meusi yanayoshuka kutoka milimani ndani ya mifuko na kuuzwa sokoni. Katika vitabu vya Tanzania yanaitwa makaa, na neno makala kwao ni maandishi ya gazetini. Kwa hiyo haya unayosoma ni makala juu ya makala, na asiyeelewa asituseme vibaya. Makala ya miti yanachomwa na watu katika tanuru. Makala ya mawe hayakuchomwa na mtu yeyote. Yanakatwa ndani ya mlima kama mtu anavyokata jiwe, lakini jiwe lenyewe linawaka.

Linawaka kwa sababu zamani lilikuwa majani na miti. Tazama mdomo wa Ruzizi, pale mto unapoingia ziwani: matete yanaota, yanakufa, yanaanguka majini, na mengine yanaota juu yao. Majini hewa ni kidogo, basi mimea haiozi yote. Inabaki kama matope meusi. Sasa fikiri mahali pa namna ile lakini pakubwa sana, muda wa maelfu na maelfu ya miaka, kisha mchanga na udongo vinakuja kuyafunika matope yale na kuyagandamiza. Maji yanakamuliwa, joto la chini linayapika polepole, na mwisho kinabaki kaboni nyingi. Makala ya mawe ya sehemu zetu za Afrika yalianza hivyo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, baada ya wakati mmoja wa barafu kubwa. Ndiyo, barafu, hapa hapa kwetu. Wanajiolojia wameona alama zake katika mawe ya bonde la Lukuga.

Hiyo Lukuga si mbali na sisi. Mtu akipanda mashua bandarini Kalundu na kushuka kusini, akipita mbele ya Baraka, atafika Kalemie, na pale anaona Lukuga, mto mmoja tu unaotoa maji katika Ziwa Tanganyika. Kalemie ndiyo Albertville ya zamani, na reli ya kutoka Kabalo ilifika pale mwaka 1915. Wakati wa Wabelgiji makala ya bonde lile yalichimbwa, na hata leo kuna mahali karibu na Kalemie panaitwa Makala. Jina lenyewe linasema. Katanga kuna mengine pale Luena, kwenye njia ya treni ya Lubumbashi kwenda Kamina. Lakini makala ya Luena si mazuri kwa kuyeyusha madini, hivyo kompani kubwa ya shaba, Union Minière, ilikuwa inaagiza mengine kutoka Wankie, nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Na Tanzania, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuna mgodi wa Kiwira. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1988, na ulikuwa na kituo chake cha umeme cha megawati 6. Ule ulichimbwa chini ya udongo, na mgodi wa namna ile ndio tunaotaka kueleza.

Makala yanalala kwa tabaka, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Tabaka moja linaweza kuwa na unene wa meta moja au mbili, pengine zaidi, na juu yake kuna mawe ya bure meta mia au mia tano. Kama tabaka liko karibu na uso wa nchi, watu wanaondoa udongo wote wa juu na kuchimba wazi, wakiona jua. Kama liko mbali, kuondoa mlima mzima kungemaliza feza kabla ya kupata makala. Ndipo wanaingia. Mahali penye mlima wanaweza kupasua njia kutoka ubavuni, njia inayoteremka polepole, watu wakatembea kwa miguu au kwa kigari. Mahali pa tambarare wanachimba shimo la kusimama kama kisima, na watu wanashuka ndani ya sanduku la chuma linaloshikwa na kamba ya chuma.

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Mgodi wa kweli hauna mlango mmoja. Una miwili, na hili si jambo la utajiri. Mwezi wa Januari mwaka 1862, katika mgodi wa Hartley kule Uingereza, mti mkubwa wa chuma wa mashini ya kuvuta maji ulikatika ukaanguka ndani ya shimo, ukaliziba. Shimo lilikuwa moja tu. Watu na watoto 204 walikufa, karibu wote si kwa kupigwa na kitu, bali kwa kukosa hewa chini, huku juu ndugu zao wakichimba kuwafikia. Mwaka ule ule nchi ile ikaweka sheria: mgodi wa makala lazima uwe na njia mbili za kutokea. Tunafikiri juu ya mashimo ya dhahabu ya Fizi na Mwenga, ambamo kaka zetu wanaingia kwa shimo moja na kutokea kwa lile lile kama panya. Mwezi wa Septemba 2020, pale Kamituga, mvua kubwa ilijaza maji mashimoni na watu zaidi ya hamsini waliofikiriwa kuwa ndani hawakurudi.

Mlango wa pili unasaidia pia hewa. Juu ya shimo moja wanaweka panka kubwa sana, kubwa kuliko nyumba ya kawaida, inayofyonza hewa kutoka chini. Inapofyonza, hewa mpya inalazimika kuingia kwa shimo la kwanza. Lakini hewa ni mvivu, inapenda kupita njia fupi. Kwa hiyo ndani ya mgodi wanajenga milango na kuta, na mapazia ya turubai, ili kuilazimisha ipite mpaka kule mwisho watu wanapokata makala. Mlango mmoja ukiachwa wazi na mtu mzembe, wenzake wa mbali wanaanza kuumwa kichwa.

Sababu gani hewa hii yote? Kwa kuwa makala yanatoa gazi. Kuna metani, haina rangi wala harufu, ilitokea wakati mimea ilipokuwa ikigeuka makala, ikafungwa ndani. Ukikata makala unaifungulia. Ni gazi ile ile iliyo nyingi chini ya maji ya Ziwa Kivu, ambayo Warwanda tangu mwisho wa mwaka 2015 wanaitumia kutengeneza umeme pale Karongi. Ikichanganyika na hewa kati ya sehemu 5 na 15 kwa mia, cheche moja inatosha kulipua. Chini ya 5 haitoshi, juu ya 15 inakosa oksijeni. Wa seksyo ya shimi wataeleza wenzao vizuri zaidi.

Kuna gazi nyingine nzito isiyo na faida kwa pumzi, gazi karboniki. Watu wa Goma na Sake wanaijua kwa jina la mazuku: inatoka ardhini, inalala mabondeni, na mbuzi au mtoto akiingia pale anaanguka bila kelele. Mgodini ni vile vile, inakaa mahali pa chini ambapo hewa haitembei. Na ya tatu ni oksidi ya kaboni, inayotokea baada ya moto au mlipuko. Hii ndiyo muuaji wa kimya. Kwa ajili yake wachimbaji wa Uingereza walishuka na ndege mdogo wa manjano katika kitundu. Ndege akilegea, watu wanakimbia. Waliacha kutumia ndege hao mwaka 1986 tu, walipopata vyombo vya umeme vya kupima.

Taa nayo ina hadithi. Zamani walishuka na moto wazi, na moto ulikutana na metani. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alifunika mwali kwa wavu mwembamba wa waya. Waya unafyonza joto, basi mwali haupiti kwenda nje, lakini mwanga unapita. Tena, metani ikiwapo, mwali unavaa kofia ya buluu, na mchimbaji anajua. Leo wana taa ya umeme kwenye kofia ngumu, na kabla ya kushuka kila mtu anapekuliwa mifuko. Sigara na kibiriti vinabaki juu. Hakuna bwana mkubwa anayesamehewa.

Tumechelewa mlangoni, sasa tukate makala. Njia ya kwanza ni ya vyumba na nguzo. Wanakata vyumba ndani ya tabaka, na kati ya chumba na chumba wanaacha nguzo nene za makala yenyewe zishike paa. Ukitazama kutoka juu, kama ungeweza, ungeona mji wenye barabara zinazokatana. Ni njia nzuri, lakini hasara yake inaonekana: karibu nusu ya makala inaweza kubaki kama nguzo. Wengine, wakimaliza, wanarudi nyuma wakikata nguzo moja moja na kuacha paa lianguke nyuma yao. Hiyo ni kazi ya watu wenye moyo wa jiwe.

Njia ya pili ni ya ukuta mrefu. Wanaandaa ukuta wa makala wa meta mia mbili au zaidi, na mashini yenye gurudumu la meno inatembea kando yake ikikwangua, kama mtu anavyokwangua sabuni kwa kisu. Makala yanaanguka juu ya mnyororo unaoyavuta. Watu na mashini wanakaa chini ya paa la chuma linaloshikwa na miguu ya chuma yenye nguvu ya mafuta. Kila mara ukuta unapokwanguliwa, miguu ile inasogea mbele, na nyuma yake mlima unaachwa uanguke kwa makusudi. Kelele yake, wanasema waliosikia, haizoeleki. Na huko juu nchi inaweza kuzama kidogo, nyumba zikapasuka. Kwa hiyo hawachimbi hivyo chini ya mji wala mto bila kufanya hesabu.

Pale pasipo mashini ya kukwangua, wanatoboa matundu katika makala, wanatia baruti na kupasua. Si baruti yoyote. Ni ya aina yenye mwali mfupi na baridi zaidi, ili isiwashe gazi, na kabla ya kupasua mtu mwenye cheo hicho anapima hewa kwanza.

Paa ndilo linalokula watu wengi kimya kimya, mmoja leo, mmoja mwezi ujao. Zamani walitegemeza kwa miti, na wazee wa mgodi waliipenda miti kuliko chuma kwa sababu mti unalia kabla ya kuvunjika. Ukisikia kwaa-kwaa, unakimbia. Leo wanatoboa paa lenyewe na kuingiza fimbo za chuma za meta moja na nusu au mbili, wanazifunga kwa gundi kali, hata mawe ya tabaka mbalimbali yanashikana kama kitabu kilichopigwa misumari.

Maji nayo hayalali. Pompi zinafanya kazi usiku na mchana. Kwa kweli mashini ya kwanza ya mvuke yenye kufaa kazini, ile ya Newcomen ya mwaka 1712, ilitengenezwa kwa ajili ya kuvuta maji katika mgodi wa makala, si kwa kuvuta treni.

Tuseme pia juu ya vumbi. Vumbi la makala likirushwa hewani linalipuka lenyewe, hata bila metani nyingi. Tarehe 10 Machi 1906, Courrières, Ufaransa, mlipuko wa vumbi ulitembea njia zote za chini na kuua watu 1.099. Tangu hapo wanamwaga vumbi la mawe ya chokaa njiani. Mlipuko ukija, unalirusha nalo hewani, na vumbi lile lisilowaka linazima moto. Dawa ya vumbi ni vumbi! Na pafu la mtu? Kwa hilo chokaa haisaidii. Wanamwagia maji pale mashini inapokata, kwani anayevuta vumbi miaka ishirini anazeeka akihema kama aliyepanda mlima.

Wabelgiji waliotutawala walijua haya yote, na bado yaliwapata kwao. Mwaka 1946 Ubelgiji ilipatana na Italia: Italia itume wafanyakazi, Ubelgiji iiuzie makala. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa Bois du Cazier pale Marcinelle, kigari cha makala hakikuingia sawasawa ndani ya sanduku la kupandishia, kwenye kina cha meta 975. Kilikuwa kimetokeza nje. Sanduku likapanda kabla ya wakati, kigari kikagonga na kukata nyaya za umeme pamoja na bomba la mafuta. Moto ukawaka katika shimo la kuingizia hewa. Fahamuni maana yake: hewa ile ile iliyowapa uhai ikawapelekea moshi. Katika watu 275 walioshuka asubuhi ile, 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Migodi ya makala ya Ubelgiji ilifungwa mmoja mmoja, na wa mwisho ulifungwa mwaka 1992. Wankie, tuliyoitaja juu, ililipuka tarehe 6 Juni 1972, na zaidi ya watu 420 walibaki ndani.

Sasa makala yamekatwa. Mikanda mirefu inayabeba mpaka shimoni, vyombo vikubwa vinayapandisha, na yanamwagwa juani kwa mara ya kwanza. Lakini hayafai bado. Ndani mna mawe, udongo, vipande vya chuma, na hata mabaki ya miti ya kutegemeza. Sumaku inatoa chuma. Chekecheke kubwa zinazotikisika zinatenga makubwa na madogo. Makubwa yanapondwa.

Kisha yanaoshwa, na hapa kuna akili tunayoipenda. Wote tumeona au kusikia namna wanavyoosha dhahabu au kasiterite: unazungusha karai, maji yanachukua mchanga, kitu chenye bei kinabaki chini kwa sababu ni kizito. Kwa makala ni kinyume! Kipande cha makala chenye ukubwa wa litre moja kina uzito wa kilo 1,3 hivi, na jiwe la ukubwa ule lina kilo 2,5. Basi chenye bei ndicho chepesi. Wanachanganya maji na unga laini wa magnetiti mpaka maji yale yanakuwa mazito kuliko makala lakini mepesi kuliko jiwe. Wakimwaga mchanganyiko, makala yanaelea, mawe yanazama. Unga wa magnetiti unakusanywa tena kwa sumaku na kutumiwa upya. Njia nyingine ni kusukuma maji yapande na kushuka chini ya chekeche, kama mama anayepeta mchele, ila kwa maji. Ule unga mdogo kabisa unatiwa mafuta kidogo na kupulizwa mapovu. Makala yanapenda mafuta, yanashikana na povu na kupanda, udongo unabaki.

Maji machafu yanapelekwa katika mabwawa yatulie. Yakiachwa yaende mtoni, mto unakuwa mweusi na samaki wanakufa. Mawe yaliyotengwa yanalundikwa, na lundo hilo lina makala kidogo ndani, hivyo linaweza kushika moto lenyewe na kufuka miaka mingi.

Mwishowe mtu wa maabara anachoma gramu moja na kupima majivu. Majivu mengi, bei inashuka. Kutoka pale makala yanakwenda kwenye umeme, au viwanda vya simenti kama kile cha Mbeya kilichotumia ya Kiwira. Mengine, yenye tabia nzuri ya kushikamana, yanafungiwa ndani ya tanuru bila hewa mpaka joto la digri elfu moja hivi. Yanatoa moshi na lami, na kinachobaki kinaitwa koki, cha kuyeyushia chuma. Mnaona, ni kazi ile ile ya wachoma makala wetu wa milimani, wanaofunika miti kwa udongo ili hewa isiingie.

Wengine wametuuliza: kama Lukuga ina makala, kwa nini tunamaliza miti ya milima ya Uvira? Swali lina uzito, kila mtu anaona milima ilivyobaki upara. Lakini makala ya mawe mabichi hayafai katika mbabula. Yanatoa moshi mzito wenye salfa, na nyumba itajaa ile oksidi ya kaboni tuliyosema. (Hata makala ya miti yanaitoa. Usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ya Juni inauma.) Lazima kwanza yachomwe bila hewa, yasagwe na kushindiliwa kuwa vipande. Tanzania wameanza. Shirika lao la madini, STAMICO, linatengeneza vipande vya kupikia viitwavyo Rafiki Briquettes kutokana na makala ya Kiwira. Kazi ya chini ya udongo kule Kiwira ilisimama miaka mingi, na makala yamekuwa yakichimbwa kwa shimo la wazi pale Kabulo. Ziwa letu lina mashua za kutosha za kuleta mifuko kutoka Kalemie. Kinachokosekana ni kiwanda cha kuchoma na kushindilia, pamoja na mgodi wenye milango miwili.

Mwenye swali juu ya nguzo, panka au koki aandike kwenye karatasi na ampe kiongozi wa darasa lake. Yale ya hesabu ya uzito tutamwomba mwalimu wa fizike ayajibu.